Ripota wa pembeni mwa uwanja si pambo la matangazo

Wengi wanaotazama futiboli ya Kimarekani huamini kwamba ripota anayesimama kando ya uwanja amewekwa pale apendezeshe picha: anamuuliza kocha swali moja wakati wa mapumziko, basi. Kinachowadanganya ni saa za runinga. Katika mechi ya zaidi ya saa tatu, yeye husikika kwa dakika chache tu.

Kazi yenyewe huanza siku kadhaa kabla. Anahudhuria vikao na makocha na wachezaji, anasoma orodha ya majeruhi, anajaza daftari habari ambazo nyingi hazitatangazwa kamwe. Mpira ukianza, yeye ndiye jicho la watangazaji walio juu kibandani: nani amepelekwa kwa madaktari, nani amevua kofia ya chuma na hatarudi. Mengi humnong'oneza prodyuza, na mtangazaji akiyasema, sifa humwendea mtangazaji huyo (hapo ndipo dhuluma ilipo, kwa maoni yangu).

Tarehe 3 Februari 2013, umeme ulikatika katikati ya Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, mjini New Orleans na mchezo ukasimama dakika 34. Maikrofoni za kibandani zilizimika. Aliyewaeleza watazamaji kilichotokea ni Steve Tasker, ripota wa pembeni wa kituo cha runinga cha CBS.

Na Lesley Visser, aliyefanya kazi hiyohiyo, mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa na Pro Football Hall of Fame, jumba linaloenzi magwiji wa mchezo huo, tuzo yake ya utangazaji.