Samaki Ndani ya Tangi na Magonjwa ya Akili

Kwani samaki naye hupata sonona?
Si kama jirani yako anavyoipata. Watafiti huchunguza vipande tu: woga, kusahau, kushindwa kutulia baada ya mshtuko.

Ni samaki gani huyo?
Mara nyingi ni danio wa Asia Kusini, mdogo kama dagaa, mwenye mistari kama ya pundamilia. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyempa umaarufu maabarani kwa utafiti wake wa 1981. Asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina mwenzake ndani ya danio. Akishtuka, mwili wake humwaga kortisoli, homoni ileile yetu. Panya hutegemea nyingine. Na akiwa kichanga mwili wake hupitisha mwanga, hivyo ubongo huonekana ukifanya kazi bila kupasuliwa.

Woga wake unapimwaje?
Anatiwa kwenye tangi geni. Kwanza huzama chini, pengine akaganda kabisa. Akizoea, hupanda juu taratibu. Kamera huhesabu dakika.

Kuna danio ambao kipokezi chao cha kortisoli, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo, kina hitilafu ya kijeni. Wakiwekwa peke yao kwenye tangi geni, huduwaa. Fluoksetini, dawa ya sonona wanayopewa watu, ilipotiwa majini, wakachangamka. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata kuwa na samaki wenzao kuliwarudisha sawa.

Je, samaki hufikiri?
Katika Ziwa Tanganyika yumo burtoni, wa ukoo mmoja na sato na perege. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walimwonyesha dume mapigano ya madume watano: wa kwanza anamshinda wa pili, wa pili wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Wa pili na wa nne hakuwahi kuwaona wakipigana. Alipowekwa kati yao, alielekea zaidi kwa wa nne, yule mnyonge. Alikisia kwa kutazama tu, kama mtoto anayejua nani wa kuogopwa mtaani.

Dawa iliyomtuliza samaki itanifaa?
Huo si ushahidi wa kutosha. Samaki hana gamba la ubongo, lile tabaka la nje, kama letu, wala huwezi kumuuliza kama anasikia sauti zisizokuwepo au anajilaumu. Dawa inayoonekana nzuri kwake bado hupimwa kwa wanyama wengine, kisha kwa watu. Kama tayari unatumia fluoksetini, usiiache wala kubadili dozi kabla ya kuongea na daktari wako; ikikatizwa ghafla inaweza kuleta kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu.