Je, wajua nani aliamua gesi ya Msimbati iende Dar?

Mei 22, 2013, watu wengi wa Mtwara walikuwa karibu na redio na runinga. Bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa inasomwa bungeni Dodoma, na Waziri Sospeter Muhongo akasema ujenzi wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam utaendelea. Siku hiyo hiyo mji ukachafuka. Barabara zilizibwa, nyumba na ofisi zikachomwa, watu wakapoteza maisha. "Gesi haitoki", yaani haiondoki Mtwara, lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu.

Kwa nini hasira iamshwe na hotuba ya waziri, wakati visima viko Msimbati, mkoani Mtwara, na anayechimba ni kampuni?

Ni kwa sababu wizara haichimbi, haiuzi umeme wala haisimamishi nguzo, lakini ndiyo inayoandaa sera: nishati itoke wapi, ipite wapi, imfikie nani kwanza. Utekelezaji una wenyewe. TPDC ndiyo mkono wa Serikali kwenye gesi na bomba, PURA inawasimamia wachimbaji, EWURA inadhibiti bei, REA inasukuma umeme vijijini, TANESCO inauza. Kwa hiyo luku ikigoma, usimtafute waziri. Ila ukitaka kujua kwa nini bomba lilielekea kaskazini, swali ni la wizara, ambayo tangu Oktoba 2017 ni Wizara ya Nishati peke yake, madini yakiwa na wizara yake. Tena kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya 2015, gesi iliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri ya Muungano, si ya kijiji wala mkoa.

Hesabu ya wizara ilikuwa hivi: ukame ulikuwa umeshusha maji ya mabwawa, na mgawo wa umeme wa 2006 na wa 2011 uliumiza nchi nzima. Gesi ya Songo Songo kule Kilwa, iliyogunduliwa 1974, ilikuwa inazungusha mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar, tangu 2004, lakini haikutosha. Viwanda na wateja wakubwa walikuwa Dar. Bomba la inchi 36 likakamilika 2015, likiisafirisha gesi kutoka mtambo wa kuchakata wa Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar.

Kwa gridi ya taifa, naiona hesabu ile ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mpangilio wa mambo: jiwe la msingi la bomba liliwekwa Novemba 2012, na Sera ya Taifa ya Gesi Asilia ikatoka Oktoba 2013, moshi wa Mtwara ukiwa umeshatulia. Mtu alionyeshwa bomba kabla ya kuelezwa fungu lake.

Leo kiwanda cha saruji cha Dangote kinatumia gesi hiyo, na baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi zimeunganishwa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Pita barabara ya kwenda Msimbati jioni: bomba limelala ardhini kwenye mkuza wake, ule ukanda uliotengwa kwa ajili yake, na hatua chache pembeni mama anapuliza jiko la mkaa, chungu cha mihogo bado hakijachemka.