Maharagi yanapofika utumbo mpana

Watu wengi hapa Bukavu husema maharagi "hayakusagika" tumbo linapowajaa gesi. Tumbo lenyewe halina kosa. Ukila saa sita mchana, gesi huanza kusumbua jioni, baada ya masaa manne hadi sita, kwa sababu wakati huo chakula kimeshapita utumbo mwembamba na kinaingia utumbo mpana.

Minya punje moja iliyoiva kati ya vidole viwili. Ganda linachomoka likiwa zima: lina selulosi nyingi, aina ya nyuzinyuzi, hushika maji na kukipa kinyesi uzito. Ule uji mzito wa ndani ukiusugua unakwaruza kidogo, kama mchanga laini. Chembe hizo ni seli nzima, kila moja imefungia wanga ndani ya ukuta wake. Vimeng'enya, yaani visagaji vya chakula mwilini, huufikia wanga huo polepole, ndiyo maana sukari ya damu haipandi kwa kasi kama baada ya bugali. Kwa mgonjwa wa kisukari nasisitiza: pika maharagi mazima. Yakisagwa unga yakiwa mabichi, kuta hizo huvunjika.

Gesi inatoka wapi basi? Maharagi yana sukari ziitwazo rafinozi na stakiozi. Binadamu hana kimeng'enya cha kuzikata, kwa hiyo hufika utumbo mpana jinsi zilivyo, na bakteria huzichachusha upesi wakitoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani pia. Lakini bakteria haohao, wakila nyuzinyuzi na wanga sugu, yaani wanga usiosagwa kwenye utumbo mwembamba, hutengeneza butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Inaniuma kuona mtu anaacha maharagi kabisa kwa kuogopa gesi.

Loweka kilo moja katika lita tatu au nne za maji usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Sehemu ya sukari zile huondoka nayo. Weka maji mapya. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hivyo pektini inayoshikanisha seli hulainika taratibu na makala ya kupikia huisha kabla maharagi hayajaiva. Maharagi yaliyokaa muda mrefu penye joto na unyevu ni magumu zaidi. Bikabonati ya soda huyalainisha, ila huharibu vitamini B1.

Maharagi mekundu yasiyoiva ni jambo jingine kabisa: yana lektini, sumu inayoleta kutapika ndani ya masaa machache. Yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto wa mbabula.

Kikombe cha maharagi yaliyopikwa kina takriban gramu 12 za nyuzinyuzi, karibu nusu ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima azipate kila siku. Asiyezoea aanze na vijiko vitatu kila siku, aongeze kila wiki; kwa wengi gesi hupungua baada ya wiki mbili tatu. Anywe maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi zikikosa maji choo huwa kigumu. Ukiona damu kwenye choo, au unakonda bila sababu, hayo si ya maharagi: nenda ukapimwe.