Jipu la juu ya makalio linalorudi kila mara

Jipu linaloota karibu na kifandugu, likapasuka, likakauka, kisha likarudi palepale, mara nyingi si jipu la kawaida. Mgonjwa akilala kifudifudi na makalio yakatanuliwa, katikati kabisa ya ufa huonekana kitundu kimoja au zaidi, vidogo kama ncha ya kalamu, pengine nywele ikichungulia. Hiyo ni sainasi ya pilonidali, yaani njia nyembamba chini ya ngozi inayonasa nywele. Nywele zilizokatika huchoma ngozi kwa msuguano, jasho na kukaa sana. Zikishaingia, mwili hupambana nazo kama mwiba. Vita vya Pili vya Dunia viliwalaza wanajeshi wengi wa Marekani kwa maradhi haya, wakayaita ugonjwa wa Jeep, kwa jina la gari lao la kijeshi.

Jipu likishaiva hupasuliwa. Antibayotiki peke yake haitoi usaha uliojifungia, sembuse nywele. Chale ipite pembeni, angalau sentimita 1 kutoka katikati, maana kidonda cha ndani ya ufa hukaa kwenye unyevu na huvutwa kila mtu anapokaa. Maumivu hupungua haraka, na hapo ndipo wengi hupotea kliniki wakidhani wamepona, ilhali vitundu bado vipo.

Vitundu vichache huondolewa kimoja kimoja kwa ganzi ya sehemu, au njia ya chini ya ngozi husafishwa nywele na kutiwa fenoli, kemikali inayounguza ukuta wake. Ugonjwa uliosambaa hukatwa wote. Kidonda kikiachwa wazi hufungwa kwa shashi na huweza kuchukua miezi 2 au 3 kujaa. Kushona moja kwa moja katikati hupendeza macho, lakini ndiyo mishono inayoachia zaidi na ugonjwa kurudi zaidi, hatuishauri. Karydakis, daktari wa jeshi la Ugiriki, alisogeza mshono kando ya ufa. Njia ya Limberg huzungusha kipande cha ngozi na mafuta kuziba pengo, na ufa hupungua kina.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14. Kabla ya hapo usipande bodaboda wala kuchuchumaa kwa muda mrefu, na acha sigara: hupunguza damu inayofika kwenye ngozi. Nywele za kando zipunguzwe hadi kidonda kipone. Baadaye leza ni bora kuliko wembe.

Tundu likiwa jirani na njia ya haja kubwa, omba lichunguzwe kama ni fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoka ndani ya njia ya haja kubwa hadi kwenye ngozi, kwa sababu upasuaji wake ni mwingine kabisa.