“Mimi Sijaipakua, Kwa Hiyo Simo”: Dhana Potofu Kuhusu Programu za Kutafuta Mwenye Namba

Wiki iliyopita nimeisikia tena mara tatu ndani ya siku mbili: kwa mfanyabiashara wa Kikuubo, kwa mchungaji wa Nsambya, na kwa kijana wa boda aliyenikabidhi simu ikiwa bado na vumbi la barabara. Maneno ni yaleyale, kuhusu zile programu za simu zinazokuonyesha jina la mwenye namba. “Hiyo programu mimi sina, kwa hiyo jina langu haliwezi kuwa humo.” Kazi yangu ni kushauri watu wa Kampala juu ya usalama wa simu, na wengi wanaokuja kwangu ni wa Kiswahili: Wakongo, askari wastaafu, wachuuzi wanaopanda na kushuka kati ya mpaka wa Busia na mjini. Nimechoka kulijibu hili mdomo kwa mdomo. Naliandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Dhana: “Sijawahi kuipakua, kwa hiyo simo”

Ingekuwa kweli, nusu ya wateja wangu wangekuwa wamelala nyumbani kwa amani. Programu za kutambua mpigaji hazina haja na simu yako. Zina haja na simu ya yeyote aliyekusevu.

Kuna mama mmoja nitakayemwita Mama Furaha, maana jina lake halisi halituhusu. Alikuja kwangu akiwa amekosa usingizi. Mwanaume ambaye mama huyu amemkimbia tangu Goma amempigia, tena anamtaja mtoto kwa jina, anajua kwamba anauza vitenge, na anamwambia kwa kicheko kwamba geti lao ni jeusi. Mama anaapa kwamba hajamwambia mtu. Alichotaka kwangu ni nimtazamie kama simu imewekewa kitu cha kusikiliza.

Nikachukua simu yangu ya kazi, ile isiyo na namba ya mtu hata mmoja, nikaandika namba yake kwenye programu mojawapo ya aina hiyo. Yakashuka majina kumi na moja. “Mama Furaha Vitenge.” “Mama Furaha Kanisa Katwe.” “Furaha P4 Mzazi.” “Mpangaji Chumba 6.” “Mkongo wa Deni.” Na moja ambalo kwa vyovyote liliandikwa na mtu wa boda: “Nsambya Geti Nyeusi Asubuhi.”

Yasome sasa kwa jicho la mtu mwenye nia mbaya. Una jina la mtoto na darasa lake. Una biashara, una kanisa, una mtaa, rangi ya geti na saa ya kutoka. Hakuna aliyempeleleza Mama Furaha. Watu kumi na mmoja walimsevu kama tunavyosevu sote, kwa kazi ya mtu na mahali tulipokutana naye, halafu kila mmoja kwa wakati wake akaweka programu ile ili ajue nani anamsumbua kwa simu.

“Lakini mwalimu, miye hiyo kitu sina,” akaniambia tena, huku majina yake yako mbele yetu.

Ndiyo, mama. Mwenye nyumba anayo. Mwalimu wa P4 anayo.

Jinsi inavyokwenda ni rahisi mno. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba. Mwenye simu anabofya “Ruhusu” kama anavyofukuza inzi. Kuanzia hapo orodha yake inaweza kupandishwa kwenye kompyuta za kampuni, na mwalimu mwenye namba za wazazi mia nane atakuwa amekubali kwa niaba ya wazazi mia nane. Masharti hayafanani, yanatofautiana kati ya programu na programu, hata kati ya toleo la Google Play na lile lililopakuliwa vichochoroni. Truecaller, iliyoanzia Sweden mwaka 2009, hukuonyesha jina moja tu. GetContact huanika hizo lakabu zenyewe, jinsi kila mtu alivyokuandika. Kwa mtu anayejificha, hiyo ya pili ndiyo inayonitia baridi.

Mlango huu una upande wa pili pia. Mwaka 2021 namba za watumiaji wa Facebook wapatao milioni 533 zilimwagwa mtandaoni pamoja na majina yao. Hakuna nywila iliyovunjwa. Waliozikusanya walitumia kile kifaa cha kutafuta marafiki: ukipakia orodha ya namba, Facebook inakuonyesha wenye nazo. Wao wakapakia namba za kubuni, kwa wingi usiohesabika, wakavuna waliojibu. Novemba 2022 mdhibiti wa data wa Ireland aliitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 265 kwa hilo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walifanya zoezi la namna hiyo kwa WhatsApp, wakathibitisha akaunti bilioni 3.5, nyingi zikiwa na picha iliyo wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, uiweke picha yako ionwe na watu uliowasevu tu. Nakusubiri.

Ushauri wangu, ambao mke wangu anasema ninauhubiri hadi kwenye harusi, ni laini mbili. Ya kwanza ni ya dunia: biashara, shule, boda, mwenye nyumba, kikundi cha akiba. Ya pili ni ya watu wasiozidi kumi, na hao kumi uwaombe wakusevu kwa herufi moja. Dukani usibandike ukutani namba ya kupokelea pesa. Chukua msimbo wa MoMoPay, huduma ya MTN ya kulipia kwa simu, mteja alipe kwa msimbo. Na wewe mwenyewe unavyosevu wenzako, acha ushairi. “Halima” inatosha. “Halima Sister wa Jela Luzira” ni uchongezi, hata kama hukukusudia.

Dhana: “Nikiifuta kwenye simu, na jina langu linafutika”

Unafuta kioo, sura inabaki. Kwa Truecaller kuna hatua mbili, na mpangilio wake ni muhimu: kwanza funga akaunti ukiwa ndani ya programu, kisha nenda kwenye tovuti yao, ukurasa wa kujiondoa kwenye orodha, uandike namba yako ukianza na +256. Asiyewahi kuwa na akaunti anaanzia hiyo ya pili. GetContact nayo ina utaratibu wake. Kujiondoa kwenye moja hakukutoi kwenye nyingine, na wengi wananirudia baada ya mwezi wakinilaumu mimi.

Dhana: “Jina lililotokea ndilo la kweli, si laini zimesajiliwa?”

Hapa watu wanachanganya makabati mawili. Usajili wa laini Uganda ulianza mwaka 2012, na mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ikalazimisha uhakiki kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Taarifa hizo ziko kwa kampuni za simu na serikali. Programu za kutambua wapigaji hazilifungui kabati hilo. Zinachokuonyesha ni porojo ya orodha za watu, basi. Matapeli wanalijua hili vizuri kuliko wewe: wanajisajili humo kwa jina la “Huduma kwa Wateja”, wanakupigia, skrini inakuthibitishia, na wewe unasoma PIN kwa sauti.

Binti mmoja alinunua laini mpya kwa ajili ya kutafuta kazi. Kila alikopeleka maombi, kimya. Tukaiangalia: “Hajji Tapeli wa Mahindi.” Namba ikikaa bila kutumika kampuni humpa mtu mwingine, na yeye alirithi sifa za Hajji asiyemjua. Ukinunua laini, itafute kwanza kabla hujaichapisha kwenye wasifu wako.

Jina linalotoka kwenye usajili utaliona mahali pengine, unapotuma pesa kwa simu. Kabla hujaweka PIN linakujia jina la mpokeaji. Ni kinga nzuri dhidi ya kukosea namba, nami siitaki iondolewe. Lakini ujue kwamba yeyote mwenye namba yako anaweza kuanza kutuma, akasoma jina lako la kitambulisho, akakatisha. Hajatumia hata shilingi. Na hata jina hilo ni la aliyesajili laini tu, ambaye huenda ni shemeji aliyemnunulia.

Dhana: “Kuna tovuti, unaweka namba inakuonyesha mtu alipo”

Haipo. Minara inayoishika simu inajulikana kwa kampuni ya simu, na polisi wana njia yao ya kisheria ya kuiomba. Tovuti yenye ramani inayozunguka na mstari unaojaa hadi asilimia 99 inakungoja ulipe, au uache namba yako na ya unayemtafuta. Nimeona mume mwenye wivu akitoa zote mbili.

Dhana: “Nikilipa dola nitapata historia yote ya mchumba wangu aliyeko Boston”

Tovuti za Marekani za kutafuta watu hujengwa kwa kumbukumbu za huko: hati za nyumba, mahakama, anwani za zamani, pamoja na data ya kununuliwa. Kwa hiyo kuhusu mtu aliyeko Boston utapata kitu, na sehemu yake itakuwa ya jirani mwenye jina kama lake. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ilizitoza TruthFinder na Instant Checkmate dola milioni 5.8, zikituhumiwa kuwavuta watu kwa kudokeza kwamba fulani ana kesi, kumbe “kesi” yenyewe mara nyingine ni faini ya barabarani. Kuhusu mtu aliyeko Mukono hapa kwetu, watakuuzia hewa.

Na usidhani ni mchezo wa wachumba. Mwaka 1999, New Hampshire, mwanaume alinunua kwa wakala wa taarifa mahali alipofanya kazi binti ambaye yeye mwanaume alikuwa akimwandama. Akaenda akamvizia nje ya ofisi, akamuua.

Dhana: “Uganda hakuna sheria ya haya”

Ipo tangu 2019, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi inayopokea malalamiko. Kupata au kutoa data ya mtu kinyume cha sheria kuna faini hadi pointi 240, na kila pointi ni shilingi 20,000, au kifungo hadi miaka kumi. Una haki ya kudai taarifa zako zisahihishwe au zifutwe. Ugumu ni pale kampuni ilipo ng’ambo na aliyekutoa ni shangazi yako aliyebofya “Ruhusu”. Shangazi humpeleki mahakamani. Unakwenda kwake Jumapili na soda, unaingia kwenye mipangilio ya simu yake, unaizima ile ruhusa mwenyewe.

Mama Furaha alihama chumba, akanunua laini ya pili, akawapa watu saba tu. Baada ya wiki tatu alirudi tuitazame. Nikaandika namba, tukasubiri. Likatokea jina moja: “Mama Furaha Namba Mpya Usimpe Mtu.”

Akaangalia kwa muda, akafunga pochi yake. “Huyo ni mdogo wangu,” akasema. “Anaandika hivyo kila kitu.” Akaniuliza boda ya kwenda Kansanga ni shilingi ngapi, kwa sababu simu ya huyo mdogo wake lazima aishike leo hii hii.