Madoa meupe ya samaki wa maji chumvi: yakipotea, samaki hajapona

Kimelea ni kiumbe kinachomea juu ya kingine. Neno lenyewe limezaliwa na kitenzi kumea. Kwa ugonjwa wa madoa meupe jina hilo limekaa mahali pake hasa, maana kinachouleta hujichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi ya samaki, kikajifukia humo kama mbegu na kunenepa kwa seli na majimaji ya mwili wake. Wanasayansi hukiita Cryptocaryon irritans. Ni kiumbe cha seli moja, kimezungukwa na vinyweleo vinavyokisukuma majini, na karibu kila samaki wa baharini mwenye mifupa anaweza kukipata. Kile kidoa unachokiona kwenye pezi, cha ukubwa wa punje ya chumvi, ni mdudu mmoja aliyeshiba pamoja na ngozi iliyovimba kumfunika.

Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nao wana madoa yao meupe, yaletwayo na Ichthyophthirius multifiliis. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, na hata maisha ya vimelea hivi viwili yanakwenda kwa mtindo mmoja, lakini si ndugu wa karibu. Mfugaji wa samaki wa tangini aliyehamia maji chumvi mara nyingi huja na mazoea ya zamani: kupandisha joto la maji mpaka nyuzi 30 na kungoja. Cha maji baridi huteseka kwa joto hilo. Cha baharini hakijali, pengine hata hukua upesi zaidi.

Ili kuuelewa ugonjwa huu inabidi kufuata maisha ya kimelea chenyewe, kwani kila dawa inayofaa hufaa kwa sababu ya hatua fulani ya maisha hayo, na kila inayoshindwa hushindwa kwa sababu hiyo hiyo.

Juu ya samaki hukaa siku 3 hadi 7 kikila. Kikishiba hutoboa ngozi na kutoka, mara nyingi wakati wa giza, kikadondoka na kutambaa kwa saa kadhaa kikitafuta pa kushika: jiwe, mchanga, kioo, gamba la konokono. Hapo hujifunga ndani ya ganda gumu na kuanza kujigawa. Siku kadhaa baadaye, au wiki kadhaa, ganda hupasuka na kumwaga vitoto vinavyoogelea, na ganda moja linaweza kutoa hata 200. Vitoto hivyo havina chakula cha akiba. Nguvu ya kumwingia samaki huanza kuvipungua baada ya saa chache, na kisichompata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa.

Baharini wengi wao hufa hivyo, kwa sababu samaki amekwenda zake na maji ni mengi. Kwenye tangi samaki hana pa kwenda. Analala karibu na jiwe lile lile kila usiku, na maganda yapo hapo hapo chini yake. Ndiyo maana samaki aliyekuwa na vidoa vitano wiki iliyopita huweza kurudi na mia.

Katikati ya hayo mawimbi mawili kuna asubuhi moja ya kudanganya. Samaki anaamka safi, hana hata doa. Kama jana yake mwenye tangi alimpa chakula kilichochanganywa na kitunguu saumu, basi kitunguu kitapata sifa. Kama aliongeza kamba wa kusafisha samaki, sifa ni za kamba. Nadhani nusu ya tiba zinazosimuliwa na wafugaji zilizaliwa asubuhi ya namna hiyo. Vimelea vimeshuka chini kuzaana, basi.

Madoa si dalili ya kwanza, na wakati mwingine hayaonekani kabisa, kwa sababu kimelea hupenda sana matamvua, ambako jicho halifiki. Anza kwa kutazama tabia. Samaki anajikuna kwenye mawe, anapumua kwa kasi, anajificha, anasimama mbele ya mkondo wa pampu, anakaribia chakula kisha anakigeuka. Samaki aina ya kangaja huwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha madoa. Samaki wenye ute mzito huchelewa, na wanaweza kubeba vimelea bila wewe kujua. Aliyewahi kuugua akapona hupata kinga ya kiasi, inayoweza kudumu miezi kadhaa, lakini bado anaweza kuwa na vimelea vichache matamvuani. Mtu anaposema tangi lake limekaa mwaka mzima bila ugonjwa, na samaki mgeni akaingia na kufa baada ya siku kumi, lawama humwangukia mgeni. Huenda wenyeji ndio waliomwambukiza.

Ugonjwa ambao ni hatari kuuchanganya na huu ni ule unaoletwa na kimelea kingine, Amyloodinium ocellatum. Hapa madoa ni madogo zaidi na mengi mno, kiasi kwamba samaki huonekana amenyunyiziwa vumbi la dhahabu, na utaliona vizuri ukimmulika tochi kutoka ubavuni chumba kikiwa na giza. Huanza matamvuani na huua kwa siku chache, mara nyingine kabla vumbi lenyewe halijaonekana. Ukiona samaki wawili watatu wanahema kwa shida na jana walikuwa wazima, usikae kuhesabu madoa. Wahamishe siku hiyo hiyo. Mwenye darubini ana njia ya uhakika: anakwangua ute kidogo na kuutazama. Cryptocaryon huzunguka polepole kama tufe jeusi lenye nywele, ilhali Amyloodinium imetulia, imejishikiza kwa vijizizi.

Mengine yanatofautiana wazi zaidi. Kimelea kiitwacho Brooklynella huwapata sana wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya anemoni: ute hutoka kwa mabaka, ngozi hubambuka, na siku moja au mbili zinatosha kumwua. Kingine, Uronema, huacha vidonda vyekundu ubavuni, kama mchubuko. Minyoo bapa ya ngozini haionekani kwa sababu ni myembamba na haina rangi, ila macho ya samaki huingia ukungu. Vinundu vinavyofanana na koliflawa kwenye kingo za mapezi ni virusi, si kimelea, na kwa kawaida huisha vyenyewe maji yakiwa mazuri. Na kuna mchanga: chembe iliyonata kwenye ute huondoka kwa saa chache, doa la kimelea hukaa siku.

Matibabu hufanyika nje ya tangi kuu. Samaki wote, hata wasio na doa, huhamishiwa kwenye tangi tupu lisilo na mchanga wala mawe: hita, pampu ya hewa, kichujio cha sponji, na vipande vya bomba la plastiki wapate pa kujificha. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe, hupanda haraka kwenye tangi la namna hii, kwa hiyo hupimwa kila siku na maji hubadilishwa. Samaki wengi wanaosemekana kuuawa na dawa waliuawa na amonia.

Dawa iliyozoeleka ni shaba. Shaba huru hutakiwa iwe miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Zipo pia za shaba iliyofungamanishwa na kemikali nyingine, na kipimo chake ni kikubwa zaidi, kwa hiyo lebo ndiyo ya kufuatwa na kipimio lazima kiendane na aina ya dawa. Shaba haimgusi kimelea aliye chini ya ngozi, wala haipenyi ganda. Inachoua ni vile vitoto wakati vinaogelea. Kwa hiyo lazima iwepo muda wote, kwa kipimo kile kile, ikivingoja. Ikishuka usiku mmoja tu, vilivyototolewa usiku huo vimepita, na hesabu inaanza upya. Muda wa chini ni wiki tatu. Wengi hukaa siku 30, nami naona wana haki. Ipandishwe taratibu kwa siku mbili au zaidi, isichanganywe na dawa za kupunguza amonia, maana baadhi yake huifanya shaba kuwa sumu kali, na isitiwe kamwe kwenye tangi kuu. Kamba, kaa, konokono na matumbawe hufa kwa shaba, na mawe huinyonya, hata kipimo unachodhani unacho huwa hakipo.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yakishushwa kwa siku chache hadi gramu 14 hivi, maganda hushindwa kustahimili na kimelea hufa ndani yake, huku samaki wengi wakivumilia bila taabu. Huendelea hivyo angalau wiki tatu baada ya doa la mwisho kupotea, kisha chumvi hurudishwa polepole kuliko ilivyoshushwa. Kasoro zake ni mbili. Ikipanda juu ya gramu 16 kwa sababu ya maji kukauka, umepoteza kazi. Na kwa Amyloodinium haisaidii lolote, kwani chenyewe huishi hata kwenye maji yenye chumvi kidogo sana. Ukikosea kutambua ugonjwa, hapa ndipo utakapolipa.

Njia ya tatu haina dawa kabisa, nami naipenda kwa sababu ni hesabu tupu. Samaki huhamishwa tangi kila baada ya siku 3, mara nne, jumla siku 12. Vimelea vinadondoka, vinajifunga, na kabla ganda halijapasuka samaki ameshaondoka. Tangi aliloliacha humwagwa, huoshwa na kukaushwa kabisa pamoja na bomba, sponji na wavu wake. Maji ya zamani hayabebwi kwenda kwenye jipya. Baada ya uhamisho wa nne hakuna kimelea kilichobaki juu ya ngozi. Hii ni kwa Cryptocaryon pekee.

Kwa magonjwa mengine, majina ya dawa hayatakuwa mageni. Klorokwini, ile ya malaria, hufanya kazi dhidi ya Amyloodinium. Prazikwanteli, inayotibu kichocho kwa binadamu, huangusha minyoo bapa, na hurudiwa baada ya siku chache kwa ajili ya mayai yaliyosalia. Si ruhusa ya kusaga vidonge vya nyumbani: tafuta iliyo safi na ipimwe kwa mizani. Brooklynella hutibiwa kwa formalini, na shaba haiiwezi.

Utasikia pia juu ya kumchovya samaki kwenye maji baridi. Neno hili limewaponza watu. Ni baridi kwa maana ya kutokuwa na chumvi. Joto lake na pH yake (kipimo cha uasidi wa maji) lazima vilingane na vya tangi. Dakika 5 zinatosha kuifanya minyoo iwe myeupe na kudondoka, ukiiona kwa macho, na humpa nafuu mwenye Amyloodinium. Cryptocaryon iliyojifukia chini ya ngozi haifikiwi. Kwa sababu hiyo hiyo samaki wasafishaji hawaiponyi. Taa ya mionzi ya UV hupunguza vitoto vinavyopita ndani yake, lakini haivipati vyote.

Linabaki tangi kuu, ambalo maganda yake bado yamekaa kwenye mawe. Dawa yake ni njaa: likae bila samaki hata mmoja, kamba na konokono wakiendelea na maisha yao, mpaka ganda lililochelewa zaidi lipasuke na vitoto vyake vikose wa kumwingia. Imewahi kuonekana maganda yakichukua hadi siku 72, ndiyo maana wafugaji wengi hungoja 76. Katika muda huo nyavu, ndoo na mikono iliyolowa visitumike kwa matangi yote mawili bila kukaushwa. Na tumbawe jipya likiingia siku ya 60, hata kama kwa macho ni safi kabisa, kijiwe lilichoshikilia kinaweza kuwa na ganda, na siku zinahesabiwa upya kuanzia hapo.