Chasisi kujipinda kwenye mbio za dragi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kwenye mbio za dragi za Marekani, yaani mbio fupi za kuchomoka kwenye mstari mnyoofu, kuna picha moja inayopendwa sana. Gari la zamani lenye injini ya V8 linachomoka, tairi la mbele kushoto liko juu, la mbele kulia bado liko kwenye lami, na bodi imelalia upande wa abiria. Watu wanashangilia. Mimi nikiitazama naona chasisi inayopindwa kama nguo inayokamuliwa, na naona sekunde zinazopotea. Mambo mengi yanayosemwa kuhusu kujipinda huku yanawagharimu watu fedha na magari, ndiyo maana nayachambua hapa.

"Tairi la kushoto likinyanyuka peke yake, hiyo ndiyo nguvu"

Simama karibu na lori kuukuu, dereva akanyage mafuta ghafla likiwa limesimama: utaona kabini inayumba upande mmoja. Ndicho kinachotokea hapa. Injini inapoizungusha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) upande huu, yenyewe husukumwa kuzunguka upande ule, na kwa kuwa imefungwa kwenye mauntini (vishikizo vya injini), huivuta bodi pamoja nayo. Kwa V8 nyingi za Kimarekani, ukiwa kwenye usukani, kushoto hupanda na kulia hushuka. Papo hapo propela inaizungusha ekseli ya nyuma kinyume chake: tairi la nyuma kushoto linakandamizwa, la kulia linapunguziwa uzito.

Misukumo hii miwili ina ukubwa sawa. Ikikutana yote nyuma, kupitia springi za nyuma, hufutana na matairi mawili hubeba uzito sawa. Lakini injini iko mbele. Kwa hiyo bodi nzima, kutoka mauntini hadi springi za nyuma, ndiyo inayopitisha msukumo huo, na bodi ikiwa laini, sehemu ya msukumo huishia kwenye springi za mbele. Tairi la mbele kulia linaloganda kwenye lami linakueleza hivyo. Matokeo yake tairi la nyuma kulia hukosa uzito, na gari huelekea kulia. Gari lililotengenezwa vizuri huinua pua yote sawasawa.

"Gari langu halina nguvu farasi 1,000, halitajipinda"

Piga hesabu. Injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 700. Konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, hukaribia kuizidisha nguvu hiyo mara mbili wakati wa kuondoka. Gia ya kwanza ya Turbo 400, giaboksi ya otomatiki ya General Motors, huizidisha tena mara 2.48. Hapo propela inapokea karibu nyutonimita 3,470, na bodi inapindwa kwa kiasi hicho hicho. Camaro ya 1967, gari la Chevrolet, imefungiwa fremu fupi ya mbele kwa bolti zenye raba, nyuma ni bati tu lililokunjwa na kuchomelewa. Usishangae ukikuta rangi imekunjamana juu ya tairi la nyuma, kioo kimepasuka au mlango haufungi vizuri.

Wengine huilaumu difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) yenye uwiano mkubwa. Uzidishaji wa difu hutokea baada ya propela, kwa hiyo hauongezi kujipinda huku kwa upande. Kwa msukumo uleule wa tairi, difu ya namna hiyo huipunguzia propela mzigo.

"Stabilaiza ni ya kona, gari la dragi haliihitaji"

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayozuia bodi isilalie upande. Nusu ya kauli hii ni kweli: ya mbele wengi huitoa, na wanafanya vizuri. Ya nyuma ndiyo dawa kubwa kuliko zote, kwa sababu inaulazimisha msukumo wa bodi uishie kwenye ekseli ya nyuma. Ifunge gari likiwa limekaa sawa na dereva ndani, bila kuikaza upande wowote. Mfuko wa hewa ndani ya springi ya nyuma kulia, au springi ngumu zaidi upande huo, ni mbinu ya miaka mingi na inasaidia, lakini hulipatia gari ulemavu wa kudumu ili litembee sawa kwa sekunde moja. Ukiachia pedali ya mafuta, ulemavu ule unabaki.

"Bomba la kromoli ni gumu zaidi"

Hili ndilo linalonisikitisha zaidi, maana watu hulipa pesa nyingi kwa ajili yake. Kromoli 4130, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, ina uimara mkubwa kuliko chuma laini, yaani huchelewa kuvunjika au kukunjika moja kwa moja. Lakini kwa unene uleule, kupindika kwake chini ya mzigo ni karibu sawa kabisa. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, huruhusu bomba la roli baa (bomba la kumkinga dereva gari likipinduka) lenye kipenyo cha milimita 44.5 kuwa na ukuta wa milimita 3 kwa chuma laini na 2.1 kwa kromoli. Ugumu wa hilo lenye ukuta mwembamba ni pungufu kwa takriban robo. Faida yake ni wepesi. Ugumu unatokana na kipenyo, kupangwa kwa mabomba kama pembetatu, na mahali bomba linapoanzia: roli keji (kizimba cha mabomba hayo) iliyosimamishwa juu ya bati la sakafu haishiki kitu. Unganisha kwanza fremu ya mbele na ya nyuma kwa reli za kuchomelea.

"Top Fuel hupinda, kwa nini langu lisipinde?"

Chasisi ya Top Fuel, daraja la magari ya dragi yenye kasi kuliko yote, yenye urefu wa mita 7.62 kati ya ekseli, hujikunja juu na chini kama upinde, kwa makusudi. Kujipinda kwa upande ni jambo jingine. Dereva maarufu wa dragi Don Garlits alipoumizwa mguu na giaboksi iliyolipuka Machi 1970, alihamishia injini nyuma ya dereva kwa usalama. Lakini hapo injini na ekseli zikawa jirani, na njia ya msukumo ikawa fupi.

Kabla ya kununua chochote, kagua mauntini ya kushoto. Mwaka 1971 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliagiza magari ya Chevrolet milioni 6.7 yarudishwe gereji kwa sababu ya mauntini zilizokatika, ikayafungia waya wa kuzuia injini isiinuke. Kisha weka jeki chini ya fremu, nyuma ya tairi moja la mbele, inua, na jaribu kufungua mlango wa upande huo: ukikwama, chasisi yako inajipinda.